Swichi ya Gia: Kifaa Kidogo Kinachosimamisha Lori

Lori la chama likikataa kuwaka mbele ya ghala, hali magunia yamekwisha kupakiwa, lawama ya kwanza huangukia betri au stata. Chama huweza kununua stata mpya, na lori likaendelea kukataa vile vile. Katika malori mengi ya dizeli, kilichoharibika huenda kikawa swichi ndogo iliyokazwa kwenye giaboksi.

Kazi ya swichi hiyo ni kuarifu gia iko mahali gani. Ndani yake mna pini inayosukumwa na fito ya kubadilishia gia. Pini ikisukumwa, umeme hupita au hukatika, kwa kadiri swichi ilivyoundwa. Swichi ya nyutro huzuia stata isizunguke lori likiwa katika gia. Swichi ya rivasi huwasha taa za kurudi nyuma.

Dalili za ubovu ni lori kukataa kuwaka ingawa liko katika nyutro, taa za rivasi kutowaka au kuwaka daima, na, lililo la hatari zaidi, stata kuzunguka lori likiwa katika gia. Sababu za kawaida ni maji na matope kuingia kwenye plagi, nyaya kusuguka, pini kulika, au oili ya giaboksi kupenya ndani ya swichi.

Uchunguzi na uanze na mambo mepesi: betri, fyuzi, balbu na nyaya. Kisha lori liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, breki ya mkono ivutwe na injini izimwe. Plagi ichomolewe, na mita ya kupimia umeme iunganishwe kwenye ncha mbili za swichi, huku msaidizi akipitisha mkono wa gia mahali pote. Kipimo kikibadilika mahali panapostahili, swichi ni nzima na kosa litafutwe kwenye nyaya. Kisipobadilika, swichi ifunguliwe na pini isukumwe kwa kidole. Ikiwa hata hapo kipimo hakibadiliki, swichi imekufa. Kikibadilika, kosa limo katika fito ya gia.

Wako madereva ambao, ili kuokoa safari, huunganisha nyaya mbili za swichi ya nyutro moja kwa moja. Lori huwaka, lakini kinga imeondolewa. Siku dereva atakapogeuza ufunguo lori likiwa katika gia, litaruka mbele au nyuma, na mpakiaji aliyesimama kati ya lori na ukuta wa ghala hatakuwa na pa kukimbilia. Jambo hilo lisiruhusiwe hata kwa siku moja.

Kabla ya kufungua swichi, waya wa hasi wa betri uondolewe, na matope yasafishwe ili yasiingie ndani ya giaboksi. Chombo cha kukingia oili kiwe tayari. Baadhi ya giaboksi zina pini au gololi ya pekee nyuma ya swichi, nayo isipotezwe. Swichi mpya ilinganishwe na ya zamani kwa uzi, urefu wa pini na unene wa washa, kwa kuwa washa nene mno huifanya pini isifikiwe. Ianze kukazwa kwa mkono, kisha kwa spana kwa kadiri ya maagizo ya mtengenezaji. Oili iliyopotea irudishwe mpaka kipimo chake.

Mwisho, swichi mpya ipimwe katika kila gia kama hapo awali, kabla ya ufunguo kugeuzwa. Kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka ihakikishwe kwamba stata inakataa katika gia na kukubali katika nyutro.

Halmashauri za vyama zinashauriwa kuweka swichi moja ya akiba stoo kabla ya msimu wa ununuzi, na kudai kwamba kila matengenezo yaandikwe katika daftari la lori.