Kabla ya Rangi, Bili ya Umeme

Tangu 2019 Gitega ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura imebaki na biashara. Je, majumba ya serikali yaliyoko Bujumbura yatafanyiwa nini yakibaki matupu? Swali hili linafika hadi mtaa wa Kigobe, penye Jumba la Mikutano ambalo Bunge la Taifa limelitumia kwa miaka mingi. Jumba hilo halijatelekezwa, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kulijadili.

Jengo lisilo na watu huoza upesi. Mfereji wa paa ukiziba hakuna wa kuuzibua. Maji hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu. Kutu huvimba, na kwa kuvimba huipasua zege kutoka ndani.

Zanzibar walikutana na ugonjwa mwingine. Zahanati kongwe ya barabara ya Mizingani, ambayo ujenzi wake ulianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilichakaa vibaya baada ya Mapinduzi ya 1964. Miaka ya 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan iliifufua iwe kituo cha utamaduni. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo zinahitaji kupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani na ukuta unamomonyoka. Mafundi ilibidi wairudie chokaa, na kazi yenyewe ikawa darasa lao. (Mkandarasi anayekuja na mifuko ya saruji kabla ya kupima ukuta, mimi humwogopa.)

Ufundi, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi; ngumu ni kukubaliana nani atalitunza jengo. Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, lilishika kazi ya kukarabati maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara kwa makubaliano na serikali ya kaunti. Majengo yamebaki mali ya umma. Hapo ndipo penye somo kwa Bujumbura, ambayo Soko Kuu lake liliteketea Januari 2013 na magofu yakakaa katikati ya jiji miaka nenda rudi.

Kwa Kigobe, ningeanza na karatasi. Ukumbi mkubwa ukodishwe kwa harusi na mikutano, mapato yaendeshe maktaba na vyumba vya mafunzo. Mkataba uandikwe kabla wabunge hawajafungasha, utaje nani anashika funguo, nani anailipa Regideso, shirika la maji na umeme, na siku zipi vijana wa mtaa wanaingia bure.