Usimfiche mwanasaikolojia kabla ya kisu

Anayetaka upasuaji wa kupunguza uzito huandikiwa vipimo vingi, na karibu vyote huvifanya bila kunung'unika. Hutolewa damu, hupimwa moyo, hupigwa ultrasaundi ya ini na kifuko cha nyongo, humeza mpira wenye kamera ili mfuko wa chakula uangaliwe kwa ndani. Kisha huja karatasi nyingine: kaonane na mwanasaikolojia. Hapo uso hubadilika. "Kwani mimi kichaa?" ndilo swali la kwanza. La pili huulizwa pembeni, kwa mtu aliyekwishapita: "Dada, ukifika pale unawajibuje ili wakupitishe?"

Hilo la pili linanitia hofu zaidi. La kwanza hujibika papo hapo: hapana, hakuna aliyesema una wazimu. La pili humwingiza mtu kwenye chumba ambacho angesaidiwa, akiwa amekwenda na majibu ya kukariri.

Upasuaji huu, ambao mitaani tumezoea kuuita kukata utumbo, si habari ya mbali tena. Unafanyika Muhimbili tawi la Mloganzila, unafanyika Aga Khan Nairobi, na wenye uwezo wamekuwa wakiufuata India. Katika aina inayofanywa zaidi duniani, daktari huondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki kikawa mrija mwembamba. Kilichoondolewa hakirudishwi. Aina nyingine hutenga kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Zote mbili hupunguza nafasi ya chakula, hupunguza pia njaa ya mwili. Lakini mtu hali kwa sababu ya njaa peke yake, na sababu hizo nyingine kisu hakizifikii.

Ndiyo maana mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1991 ulitaka mgonjwa achunguzwe na jopo: daktari wa upasuaji, mtaalamu wa lishe, na mtaalamu wa afya ya akili. Wakati huo upasuaji ulipendekezwa kwa wenye uwiano wa uzito na urefu, ule unaoandikwa BMI, wa 40 na kuendelea, au 35 kama kuna maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 viwango vililegezwa hadi 35 bila kujali maradhi. Jopo likabaki. Na lina kazi ya kufanya: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA uliwakuta na sonona asilimia 19 ya watu wanaoomba upasuaji huu, na asilimia 17 wakiwa na tatizo la kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia.

Mazungumzo yenyewe huchukua kama saa moja, pengine zaidi, na hayaanzi na mambo ya kutisha. "Jana ulikula nini, tangu ulipoamka?" Mtu atataja chai na chapati moja asubuhi, wali maharage mchana, usiku tunda. Mwanasaikolojia ataandika, kisha atauliza tena: na baada ya watoto kulala? Yupo anayerudi jikoni saa tano usiku, akasimama mbele ya sufuria bila kuwasha taa, akala ubwabwa uliobaki kwa mwiko, akamalizia na ukoko, tumbo linauma na mkono hausimami. Kisha anaiosha sufuria ili asubuhi asiulizwe. Huyo tusimwite mlafi. Akiwa anafanya hivyo angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, akihisi hawezi kuacha na baadaye akijichukia, huenda ana ugonjwa ambao tangu 2013 unatambuliwa peke yake katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Una tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazungumzo.

Akiuficha akapasuliwa, mfuko mdogo hautamzuia kwa muda mrefu. Sahani ya wali itamshinda, lakini soda, aiskrimu na juisi ya sukari hupita bila kizuizi. Atakula kidogo kidogo kutwa nzima, na kilo zitarudi huku akiamini kwamba hata upasuaji umemshindwa. Angesema mapema, kwa kawaida angeahirishiwa kwa miezi kadhaa ili atibiwe kwanza. Wanaokataliwa moja kwa moja ni wachache.

Kuna pia dodoso za kujaza. Moja inayotumika sana, na ambayo ipo kwa Kiswahili, ni PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha. La mwisho linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru. Wengi huweka alama kwenye "hapana" kabla hawajamaliza kulisoma. Ninamsihi yeyote atakayelifikia swali hilo alijibu kwa ukweli. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 8,815, miaka 3 kabla ya upasuaji na miaka 3 baada yake. Waliona visa vya kufikishwa hospitali kwa kujidhuru vimeongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji, na vingi vilitokea mwaka wa pili na wa tatu. Wengi wa wagonjwa hao hawakupatwa na hayo, na upasuaji umewaokoa watu wengi na kisukari na shinikizo la damu. Lakini mwenye jeraha la moyoni anatakiwa ajulikane mapema ili awe na mtu wa kumshika mkono.

Pombe ni hivyo hivyo. Baada ya ile aina ya kuunganisha utumbo, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi. Bia moja humfanya mtu kama amekunywa kadhaa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 ulikuta wenye tatizo la pombe wakiwa asilimia 7.6 katika mwaka wa kabla ya upasuaji, na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake. Kwa hiyo ukiulizwa unakunywa bia ngapi Jumamosi, taja idadi yenyewe. Kama unatumia dawa za sonona, za kifafa au za kutuliza mawazo, zibebe zote na maboksi yake, kwa sababu mwili uliopasuliwa huzifyonza tofauti, na baadhi, kama lithiamu, huweza kupanda hadi kuwa sumu.

Lipo pia swali ambalo wanawake wengi hulikwepa kwa kutazama sakafu: kama uliwahi kudhalilishwa utotoni. Wapo walioanza kunenepa baada ya jambo kama hilo, na mwili mkubwa ukawa kinga yao. Kilo zinapoyeyuka na wanaume wakaanza kugeuka barabarani, hofu ya zamani huamka. Hulazimiki kusimulia yote siku ya kwanza. Kusema tu "kuna jambo, sipo tayari" kunatosha kumwonyesha mtaalamu pa kuanzia.

Kwetu kuna uzito mwingine, nao ni wa nyumbani. Mtu akipungua kilo 30 kwa miezi michache, mtaa hauulizi kama amepona kisukari. Unanong'ona kwamba ana virusi. Mama mzazi ataumia akiona ugali wake umebaki, na mama mkwe atasema mke wa mwanawe amekonda kwa mateso. Mume aliyempenda mkewe akiwa mnene naye ana lake la kusema. Kwenye shughuli utakabidhiwa sahani ya pilau iliyojaa na mwenyeji atasimama akuone ukila. Unapojiandaa kwa tathmini, amua mapema nani nyumbani atajua na utawajibu nini wengine. Kama inawezekana, nenda na mmoja wao, maana ndiye atakayekukumbusha vitamini ambazo utazimeza maisha yako yote na kuzinunua kila mwezi. Muislamu aulize kuhusu Ramadhani waziwazi: tumbo jipya linataka maji kwa mafunda madogo kutwa nzima, na mfungo katika miezi ya mwanzo ni hatari.

Kwa wiki moja kabla ya miadi, andika kila unachokula, saa, na ulikuwa na hali gani moyoni. Usibadilishe ulaji ili daftari lipendeze. Uombe kuzungumza Kiswahili kama ndicho unacholilia na kuombea. Uliza pia ripoti itasomwa na nani, na kama mwajiri au bima wataiona. Ni haki yako kujua kabla hujafungua mdomo.

Na kwa hospitali zetu nina ombi. Tathmini ikifanywa mara moja tu, kabla ya chumba cha upasuaji, inageuka kuwa mhuri. Matatizo niliyoyataja hujitokeza zaidi mwaka wa pili, wakati pongezi zimekwisha, ngozi imelegea na mizani imegoma. Mwanasaikolojia awekwe kwenye ratiba ya kurudi kliniki kama alivyowekwa mtaalamu wa lishe, na gharama yake iwe ndani ya bei inayotajwa siku ya kwanza. Anayekwenda nje ya nchi ana mwanya mkubwa zaidi, kwa sababu jopo lililompima linabaki kule. Kabla hajalipa chochote aulize hivi: miezi 18 baada ya kurudi, nikianza kulia bila kujua sababu, nitampigia nani hapa Dar es Salaam?