Gobori: Bunduki ya Pigo Moja

Mkulima wa Kitale, anapojaza mahindi katika gunia na kuyabana ili yaingie mengine, husema kwamba anashindilia. Na neno hilo hilo ndilo walilokuwa nalo wawinda ndovu wa zama za misafara, waliopita chini ya Mlima Elgon na silaha mabegani, kwa kazi ya kuijaza bunduki kabla ya kuipiga. Bunduki hiyo, ambayo chakula chake hupitia mdomoni wala si nyuma, ndiyo gobori. Na yeyote atakaye kujua ni gobori lipi limfaalo mnyama mkubwa, hana budi kwanza kuitazama kazi yenyewe ya kushindilia, kwa kuwa humo ndimo zilimo nguvu zake zote na udhaifu wake wote.

Mpigaji huisimamisha bunduki, tako chini na mdomo juu. Humimina kipimo cha baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, kwa hesabu ya takriban sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za salfa. Akafuatisha risasi iliyofungwa katika kitambaa chenye mafuta. Kisha akauchomoa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uliolala chini ya kasiba, yaani mtutu, akasukuma mpaka risasi iikalie baruti barabara, pasibaki nafasi baina yao, kwani nafasi hiyo yaweza kuipasua kasiba mikononi mwa mwenyewe. Askari aliyefunzwa aliweza kuyafanya hayo mara tatu katika dakika moja. Lakini mwindaji aliyesimama katika nyasi ndefu, ndovu amekwisha kumgeukia, hakuwa na dakika hiyo. Kwa hiyo kuchagua gobori kulikuwa ni kuchagua pigo moja, na uchaguzi huo ulikuwa na milango mitatu: moto, kasiba na uzito.

Mlango wa moto ulikuwa na njia mbili. Ya kale ni ya gumegume, yaani jiwe lililobanwa katika kichwa cha nyundo, ambalo hupiga bamba la chuma, likatoa cheche, cheche zikaangukia baruti kidogo katika kisahani cha nje, na moto ukapenya kwa kitundu hata ndani. Mvua ya Trans Nzoia, au umande tu wa alfajiri, watosha kuilowesha baruti ile ya kisahani, na mwindaji akasikia mlio wa jiwe pasipo mshindo wowote kuufuata. Njia ya pili yatokana na kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, ambaye mwaka 1807 alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa kutumia kemikali iwakayo kwa kugongwa. Na wengine baada yake wakaitia kemikali ya jinsi hiyo katika kikombe kidogo cha shaba, ndiyo fataki, ambayo huvikwa juu ya chuchu ya chuma na kuziba tundu lisiingie maji. Mwenye uwezo wa kuchagua, katika nchi ya mvua, alichagua fataki. Ila fataki hununuliwa dukani, na jiwe huokotwa njiani.

Mlango wa pili ni kasiba. Kasiba laini hushindiliwa upesi, lakini risasi yake ya mviringo hupepesuka angani, na mpigaji hana budi kumsogelea mnyama mno. Kasiba yenye mifuo ndani, iliyozunguka kama parafujo, huizungusha risasi ikaenda moja kwa moja. Ila risasi ipaswayo kuibana mifuo huwa ngumu kuisukuma kwa mdeki, na kila pigo linapoacha masizi yake ugumu huo huzidi. Taabu hiyo aliitatua Mfaransa Minié mwaka 1849, alipotengeneza risasi yenye ncha mbele na shimo nyuma, ambayo huingia kwa urahisi, kisha hutanuka kwa nguvu ya baruti na kuishika mifuo wakati wa kutoka.

Mlango wa tatu ndio wenye hesabu. Baruti nyeusi, hata uizidishe vipi, ina mpaka wa kasi iwezayo kuipa risasi. Na asiyeweza kuongeza kasi hana njia ghairi ya kuongeza uzito. Wazungu walizipima bunduki hizo kwa ratili: chukua ratili moja ya risasi, uigawe katika vidonge vya mviringo vilivyo sawasawa, na idadi ya vidonge ambavyo kila kimoja huenea barabara katika kasiba ndiyo nambari ya bunduki. Nambari 12 ina maana ya vidonge kumi na viwili kwa ratili; nambari 4 ina vidonge vinne tu, kila kimoja wakia nne, yaani takriban gramu 113. Aidha, ukiuzidisha upana wa kidonge mara mbili, uzito wake huzidi mara nane, na bega la mpigaji hulipa tafauti hiyo.

Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, aliilipa vilivyo. Baina ya 1872 na 1874, huko kusini mwa Afrika, aliua ndovu 78 kwa magobori ya nambari 4 yenye kasiba laini. Siku moja bunduki yake ilikataa kuwaka, na mchukuzi wake akaishindilia upya juu ya baruti iliyokuwa ingali ndani. Ilipolia, ilimnyanyua Selous ikamwangusha kifudifudi, nayo yenyewe ikaruka nyuma yake.

Magobori yaliyofika kwetu aghalabu hayakuwa ya kiungwana namna hiyo. Majeshi ya Ulaya yalipoziacha bunduki za mdomo na kushika za kujazwa nyuma, zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya chini, zikashuka Unguja. Na mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza huko, alikisia kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia soko la Afrika kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia bunduki za kisasa zisiingizwe, uliacha mwanya kwa zile za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo Mwafrika aliruhusiwa kununua bunduki iliyo mbovu kuliko zote, na Mzungu akabaki na iliyo bora.

Tafauti hiyo ilidhihirika mwaka 1895 katika nchi ya Bungoma, kwenye ngome ya Chetambe karibu na Webuye, ambako Wabukusu, wenye mikuki na mishale pamoja na bunduki walizozipata, walikabiliana na jeshi la Hobley, ofisa wa Uingereza. Mtu wa pigo moja aweza kumvizia ndovu. Lakini adui ajazaye bunduki yake nyuma, na kupiga mara kumi na zaidi kwa dakika, hampi mtu wa mdeki muhula wa kushindilia.

Kwa ndovu pia zama ziligeuka. Miaka michache baadaye mwindaji Bell, aliyefungasha safari zake Mumias kwenda Karamoja, alikuwa na bunduki ya milimita 7 na baruti isiyo na moshi, ambayo risasi yake ilikuwa gramu 11 tu, sehemu moja ya kumi ya kidonge cha Selous. Na katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000.

Hata hivyo gobori halikwisha: huko Colorado, Marekani, wapiti, ambao ni kulungu wakubwa, huwindwa hata leo katika msimu maalumu wa magobori, na sheria yakataza darubini na kutaka kasiba isiyopungua nusu inchi: watu wenye kila namna ya bunduki ya kasi wakachagua, kwa hiari yao, taabu ya pigo moja.

Kenya ilichagua vingine ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Usiku, katika pango la Kitum, ndovu wa Elgon huingia gizani wakipapasa kwa mikonga, wakachimbua mwamba wa chumvi kwa pembe zao. Na huko Kitale, msimu wa mavuno, mwenye kushindilia ni mkulima peke yake.