Kimulimuli Kinapofifia: Umeme Upoteao Njiani

Gari la wagonjwa litokalo Magu kwenda hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, hufuata barabara kuu itokayo Musoma, hupita Kisesa, kisha huingia Igoma. Hapo mwendo hubadilika. Daladala husimama kupakia abiria, bodaboda hukatiza, watu huvuka na mizigo yao. King'ora husikika, lakini si rahisi kutambua kinatoka upande gani. Taa iliyo juu ya paa ndiyo imwoneshayo dereva wa mbele mahali gari lilipo. Taa hiyo ikififia, mgonjwa hucheleweshwa.

Watu huiita kimulimuli, kwa jina la mdudu amulikaye usiku. Jina hilo laifaa taa ya siku hizi kuliko ile ya zamani, kwani mdudu yule hachomi kitu ili apate nuru. Balbu ya zamani ilikuwa na waya mwembamba uliopashwa moto hadi ukang'aa. Taa ya LED ni diodi, yaani kipande kidogo cha nusu-kipitishi ambacho hupitisha umeme kwa upande mmoja tu, na hutoa nuru kinapoupitisha. Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza diodi ya nuru nyekundu mwaka 1962. Ile ya buluu yenye mwanga mkali ilipatikana miaka 30 hivi baadaye, na kwa kazi hiyo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Diodi nyekundu huhitaji volti 2 hivi ili iwake. Ya buluu huhitaji karibu volti 3, kwa sababu chembe ya nuru ya buluu hubeba nishati kubwa zaidi. Chini ya kiwango hicho hakuna mkondo wa maana upitao. Mwalimu aweza kulionesha jambo hili darasani kwa betri mbili za tochi zilizokwisha kutumika na kizuio cha omu 100: diodi nyekundu itawaka, ya buluu itafifia au kubaki giza.

Kimulimuli kikififia, wengi hukimbilia kununua kipya. Pengine fundi hukata waya wa taa, huupima kwa mita, huona volti 12 kamili, na kutamka kwamba taa imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mita ya kisasa ina ukinzani wa mamilioni ya omu, hivyo haivuti karibu mkondo wowote. Na pasipo mkondo, kiungo chenye kutu hakipotezi volti hata kikiwa kibovu namna gani.

Chukua taa ya buluu iliyopangwa kwa safu za diodi tatu tatu. Kila safu huhitaji volti 9. Betri ikitoa volti 12, zinabaki volti 3 za kusukuma mkondo kupitia vizuio vya taa. Taa hiyo ikitumia ampea 2, vizuio vyake kwa jumla ni sawa na omu 1.5. Sasa kiungo cha waya wa hasi kwenye bodi ya gari kishikwe na kutu, kiongeze omu 1.5 nyingine. Mkondo utashuka hadi ampea 1, yaani nusu. Balbu ya zamani ya ampea 2 ina ukinzani wa omu 6. Kwa kutu ileile mkondo wake ungebaki ampea 1.6. Kutu ambayo balbu iliivumilia, diodi haiivumilii.

Kwa hiyo kipimo cha kweli hufanywa taa ikiwa imeunganishwa na kuwashwa. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi wa taa. Katika mfano huu mita itasoma volti 1.5, wakati ingepaswa kukaribia sifuri. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo, toka nguzo chanya hadi kwenye taa, kupitia fyuzi, swichi na relei. Panapopotea volti ndipo penye ubovu.

Macho nayo husaidia. Taa zote zikizimika, shaka iwe kwenye fyuzi au swichi; safu moja ikizimika ndani ya taa, diodi mojawapo imekatika. Taa inayong'aa injini ikiunguruma na kufifia injini ikizimwa yaeleweka pia, kwani jenereta ya gari huipandisha volti hadi 14 hivi. Taa nyingine zina saketi ya kudhibiti mkondo, na hizo humkanganya fundi zaidi: volti ikipungua huzima ghafla, mkondo ukikatika volti hurudi, taa huwaka tena, na mpigo wake huvurugika.

Fyuzi ikiungua mara kwa mara isibadilishwe kwa kipande cha waya; gari lenye mgonjwa na mtungi wa oksijeni si mahali pa kujaribu moto.

Kiungo chenye kutu husuguliwa hadi chuma king'ae, hukazwa, kisha hupakwa grisi kuzuia maji. Baada ya hapo kipimo hurudiwa, injini ikiwa imezimwa na taa zote zikiwa zimewashwa.