Mchango Wako Umfikie Mama Aliye Vitani: Hakikisha Haya Kabla ya Kuweka PIN

Siku moja ya soko pale Wundanyi, akina mama wa chama kimoja walituonyesha ujumbe uliokuwa ukisambaa WhatsApp. Ulikuwa na picha ya mama mjamzito, maneno ya kuomba msaada kwa akina mama wa Congo, na chini yake namba ya simu ya kawaida. Walikuwa wameshachanga shilingi 6,500. Swali lao lilikuwa moja tu: "Tutume ama tusitume?"

Tuliwaambia wasitume kwanza. Si eti shida haipo. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Benki za Goma zikafungwa, pesa taslimu ikawa adimu. Lakini uchungu wa kujifungua hausubiri vita viishe, na mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufariki kwa saa chache tu.

Bukavu ndiko iliko Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 akikusudia kuhudumia wajawazito. Vita vikamletea pia wanawake waliobakwa, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad.

Mama mmoja wa chama alituambia, "Hata hapa kwetu, usiku, kutoka mlimani hadi hospitali ya Wesu, nauli ndiyo inamchelewesha mtu. Sembuse kule kwenye risasi?"

Kweli kabisa. Jirani zetu wa Tanzania waliliona hilo mapema. Kuanzia mwaka 2009, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa simu. Fistula ni jeraha linalotokana na uchungu wa muda mrefu bila msaada. Nauli ilitumwa kwa balozi aliyemfahamu mgonjwa, balozi akamkatia tiketi, na mgonjwa alipofika hospitali balozi naye alipewa ahsante yake. Pesa ilipita mikono inayojulikana, na kila mtu alijua imefika.

Basi na wewe, kabla hujatuma mchango:

1. Usitume kwa namba ya mtu binafsi usiyemjua. Tafuta Paybill kwenye tovuti rasmi au ofisi ya shirika lenyewe, si kwenye ujumbe uliosambazwa.
2. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha muamala. Kama si la shirika, katisha.
3. Usimpe mtu yeyote PIN yako. Hakuna shirika la kweli litakaloiomba.
4. Mkichanga kama chama, tunzeni ujumbe wa uthibitisho na msome mbele ya wanachama wote.
5. Ukikosea, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla mpokeaji hajatoa pesa.

Tulijaribu ile namba pamoja, tukaishia hatua ya jina. Lilitokea jina la mtu asiyetajwa popote kwenye ujumbe. Mweka hazina akabonyeza kukatisha.

Wiki iliyofuata walituma zile 6,500 kwa Paybill ya shirika la misaada walilolihakikisha wenyewe. Uthibitisho ulisomwa kwa sauti, ukapigiwa makofi.

Huruma ni yako. Hakikisha tu haiishii mfukoni mwa tapeli.