Muuguzi anayerudi chuoni asikope usingizi

Je, wewe ni muuguzi mwenye watoto na unafikiria kurudi chuoni? Hauko peke yako. Mwaka wa 2005, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, wakilenga zaidi ya wauguzi 20,000 wenye cheti ili wapate stashahada bila ya kuacha kazi. Leo wenye stashahada nao wanatafuta shahada.

Mkazi wa Kakamega ana bahati. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2007, hufunza uuguzi, na hospitali kuu ya kaunti iko mji huo huo. Lakini ukaribu huu una mtego. Mzazi hutoka zamu ya usiku asubuhi, akapitia darasani, jioni akawa jikoni, na usiku akarudi wadini. Analala saa ngapi?

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa saba kila siku. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka wa 1997 kwamba aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Zikifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Sasa fikiria mtu huyo akipima insulini ya mgonjwa. Nukta moja ikikosewa, mgonjwa hupewa dawa mara kumi zaidi.

Nakushauri hivi:

1. Kabla ya kulipa karo, kaa na msimamizi wako mpange zamu. Siku ya darasa isifuate usiku wa kazi.

2. Ukitoka zamu, lala kwanza, vitabu baadaye. Funga mapazia, zima simu, na usinywe kahawa katika saa sita kabla ya kulala.

3. Mwenzako nyumbani, au shangazi wa watoto, akabidhiwe kazi maalum: chakula cha jioni, au kuwapeleka watoto shule. Kusema "nitasaidiwa" hakutoshi.

4. Ukiwa unanyonyesha, usiache. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Maziwa uliyokamua hukaa salama saa nne nje ya friji, na siku nne ndani yake.

Zipo dalili ambazo hupaswi kuzipuuza: kusinzia kwenye matatu kila siku, kuumwa na kichwa mara kwa mara, moyo kwenda mbio, kulia bila sababu, au kuwakaripia watoto kwa jambo dogo. Ukiziona, mwone daktari, upimwe damu na shinikizo lake. Pia uliza chuoni kama unaweza kupunguza masomo ya muhula huo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli. Lakini shahada ikichelewa mwaka mmoja bado ni shahada. Mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake huenda asipate nafasi ya pili.