Mtoto akikojoa damu

Wamama, mtoto akikojoa damu tusikimbilie kusema ni kichocho tu. Kweli, anayeoga mtoni anaweza kuwa nacho, na kinatibiwa kwa prazikwanteli. Lakini dawa hiyo haiondoi jiwe la kibofu, ambalo huwapata zaidi wavulana. Mwangalieni akikojoa: mkojo unakatika ghafla, analia, anavutavuta uume, akibadili mkao unatoka tena? Huo si utundu, msimchape! Kituo cha afya kipime mkojo, kimtume hospitali apigwe ekografi. Jiwe kubwa haliyeyuki kwa majani ya kuchemsha. Daktari analitoa kwa upasuaji. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, ama homa ikipanda, nendeni palepale, hata usiku.